Kilindini hadi Maldivi: Safari ya Mwisho ya Khedive Ismail, Februari 1944

Jumamosi 5 na Jumapili 6 Februari. Kilindini

Meli tano zimepakia watu kwenda Colombo, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Kwenye makaratasi ya jeshi la majini la Uingereza msafara huu ni KR 8. Komodoro, yaani ofisa anayeziongoza meli za msafara, amepanda Khedive Ismail, kwa hiyo ishara za bendera na za taa hutoka huko na nyingine zote hufuata.

Khedive Ismail ni meli ya mvuke ya tani 7,513. Iliundwa Greenock, Uskoti, mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, na jina lake la kwanza ni Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la mtawala aliyeshika nchi hiyo kuanzia 1863 hadi 1879. Sisi watu wa pwani tuna kisa chetu na mtawala huyo: mwaka 1875 alileta meli za kivita zikateka Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash wa Zanzibar, na askari wake hawakuondoka mpaka Waingereza walipombana. Tangu 1940 meli imechukuliwa kwa kazi ya vita, na njia hii ya Kilindini na Colombo inaijua, kwani imekwisha kuipita mara kadhaa.

Kundi kubwa kabisa ndani yake ni kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari 996. Vijana wake wengi wametoka bara, na lugha yao ya kazi, kuanzia kuhesabu umbali hadi amri ya kufyatua, ni Kiswahili. Wanakwenda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo imekuwa ikifanya mazoezi Ceylon tangu 1943 ikingoja zamu yake ya vita vya Bama, ambayo leo ni Myanmar. Pamoja nao wamo wanamaji wa Uingereza wapatao 270, wauguzi wa jeshi zaidi ya hamsini na matroni wao, yaani mkuu wao, wanawake 19 wa jeshi la majini, na wanawake wachache wa kikosi cha huduma cha Afrika Mashariki. Yumo pia mwandishi wa habari za vita Kenneth Gandar-Dower, yule aliyezunguka milima ya Aberdare miaka ya 1930 akimsaka simba mwenye madoa. Ukijumlisha na mabaharia, wote waliomo ni 1,511.

Kilindini yenyewe imeanza kupungukiwa. Mwaka 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, kundi zima la manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi lilikimbilia Mombasa, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kunasa na kufumbua simu za siri za Wajapani. Sasa, mwanzoni mwa 1944, manowari kubwa zimekwisha kurudi Ceylon na askari wanazifuata.

Siku hizohizo, upande wa pili wa bahari

Nyambizi ya Kijapani I-27 imetoka Penang, Malaya, tarehe 4 Februari, inaelekea Ghuba ya Aden. Ina urefu wa karibu mita 109, matundu sita kwenye omo, yaani mbele, ya kufyatulia topido, bomu linalojiendesha majini, na nafasi ya topido 17. Juu ya maji inaweza kwenda noti 23, yaani maili 23 za bahari kwa saa. Ikizama inatumia betri na haizidi noti 8. Kamanda wake, Toshiaki Fukumura, si mgeni wa bahari hii. Watu wa Maskati wanaikumbuka I-27 tangu Juni 1943, ilipoizamisha meli ya Dah Pu ndani ya bandari yao.

Njia ya Penang kwenda Aden na njia ya Mombasa kwenda Colombo zinakutana Maldivi. Visiwa vile vimejipanga kaskazini hadi kusini kama ua, na meli kubwa hupenya kwenye milango michache yenye kina kirefu. Mmoja wa milango hiyo ni Mlango wa Digrii Moja na Nusu, unaoitwa kwa latitudo yake. Mwenye kuwinda meli hana haja ya kuijua ratiba yake akijua mlango itakaopita.

Jumatatu 7 hadi Jumatano 9 Februari. Bahari kuu

Mwelekeo ni mashariki, ukipanda kidogo kaskazini. Ni msimu wa kaskazi, upepo uleule unaoleta majahazi ya Waarabu Mombasa, kwa hiyo msafara unakwenda ukiupokea upepo usoni. Kwa jahazi hiyo ingekuwa safari isiyowezekana. Kwa meli ya mvuke ni nafuu ya joto tu, na kadiri ikweta inavyokaribia upepo nao hufifia, bahari ikalala.

Sheria za meli ya askari ni zilezile kila siku, na kila moja ina sababu yake. Boya la kuvaa halivuliwi mchana wala usiku, kwa kuwa anayelifuata chumbani hatalifikia. Taka hazitupwi ovyo baharini, maana makopo na makasha yanayoelea humwonyesha adui njia. Moshi mweusi ni kosa la boila na unaonekana mbali kabla ya meli yenyewe. Usiku hakuna taa wala sigara kwenye sitaha. Kila siku kuna zoezi la kukusanyika: kengele ikilia, kila kundi linajua ngazi yake, sitaha yake na mashua yake.

Zoezi hilo lina dhana moja ndani yake, kwamba meli itakaa juu ya maji muda wa kutosha. Kushusha mashua ya kuokolea kunataka watu waliofunzwa, kamba zilizo huru na meli isiyolala ubavu. Ikienda vizuri ni dakika kadhaa. Meli ikilala upande mmoja, mashua za upande wa juu hukwama kwenye ubavu wake na za upande wa chini huning'inia mbali, hazifikiki. Kwa hiyo kuna maboya makubwa yaliyowekwa tu juu ya sitaha bila kufungwa sana, ili meli ikizama yaelee yenyewe. Katika meli inayozama haraka, hayo ndiyo huokoa watu.

Alhamisi 10 na Ijumaa 11 Februari. Kukaribia Maldivi

Kufikia hapa ulinzi wa msafara ni manowari tatu. Ya kwanza ni kruza, manowari kubwa ya mizinga, iitwayo Hawkins, yenye mizinga saba ya inchi 7.5. Ni meli ya zamani, iliyoundwa kupambana na meli za juu ya maji. Mbele ya nyambizi yenyewe ni shabaha nyingine kubwa. Wawindaji wa nyambizi ni wawili tu, distroia, manowari ndogo za kasi, Petard na Paladin.

Petard tayari ina jina. Oktoba 1942, kwenye Bahari ya Kati, iliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka, na mabaharia wake wakatoa ndani vitabu vya siri vilivyosaidia kufumbua mashine ya Enigma, ambayo Wajerumani waliitumia kuficha simu zao; wawili kati yao walizama nayo. Desemba mwaka huohuo iliimaliza nyambizi ya Kiitaliano Uarsciek.

Tatizo hapa ni hesabu. Kifaa cha kutafutia nyambizi wakati huo ni asdiki: hupeleka mlio majini na kusikiliza mwangwi wake. Mlio huo huenda mbele kama mwanga wa tochi, hauzunguki pande zote kwa mara moja. Distroia mbili zikitangulia mbele ya meli tano zilizotapakaa kwa upana, hubaki mapengo, hasa pembeni na nyuma. Maji ya ikweta nayo yana tabaka: juu vuguvugu, chini baridi, na mlio ukifika kwenye mpaka wa tabaka hizo hupinda. Nyambizi iliyotulia chini ya mpaka huo inaweza kupitiwa juu bila kusikika.

Jumamosi 12 Februari. Karibu digrii 1 kaskazini ya ikweta, digrii 72 mashariki

Chakula cha mchana kimekwisha. Jua ni kali na bahari shwari. Baadhi ya abiria wamejipumzisha kwenye sitaha, na wengi wamo ndani, kwenye ukumbi, wakisikiliza tamasha la muziki. Askari wengine wako vyumbani chini.

Saa nane na nusu hivi mchana mlinzi anaona periskopu, bomba ambalo nyambizi iliyozama huchungulia nalo juu ya maji. Kengele inalia na wapiga mzinga wa meli wanafyatua. Lakini Fukumura amekwisha kuachia topido nne kwa mtawanyo, ili meli ikigeuka kushoto au kulia iikute mojawapo.

Topido za Kijapani za nyambizi zilitumia oksijeni tupu badala ya hewa ya kawaida. Faida yake ni mbili. Mwendo ulifika karibu noti 49, na mapovu yaliyobaki nyuma yalikuwa machache mno, kwa hiyo ule mstari mweupe ambao mlinzi huutafuta majini haukuonekana vizuri. Piga hesabu: kwa mwendo huo topido hukata mita 25 kwa sekunde. Ikifyatuliwa kutoka mita 1,500 inafika kwa dakika moja. Ndani ya dakika hiyo meli inayokwenda noti 13 imesogea mita 400 tu, na meli ya urefu wa mita 129 haigeuki kama mtumbwi. Usukani ukizungushwa, husogea kwanza ndipo ianze kugeuka. Aliyeiona periskopu alikuwa macho, na bado muda ulikuwa umekwisha.

Mbili zilipiga, kwenye mitambo na kwenye boila. Kila topido ilibeba baruti ya kilo 400 hivi, lakini pigo la boila lina ubaya wake: boila yenye mvuke wa shinikizo ikipata maji baridi ghafla hupasuka nayo, na huo ni mlipuko wa pili ndani ya tumbo la meli. Vyumba vya mitambo na boila ndivyo vyumba vikubwa kuliko vyote chini ya mstari wa maji. Viwili hivyo vikifunguka pamoja, kuta za kuzuia maji zilizobaki hazina kazi tena. Taa huzimika, ngazi huvunjika au hulala, na mlango uliokuwa juu huwa ubavuni.

Khedive Ismail ilizama kwa muda usiofika dakika 3, na wapo walioupima ukawa chini ya dakika 2. Hakuna zoezi la mashua linalotosha katika muda huo. Aliyekuwa sitahani aliangukia majini au alirukia. Aliyekuwa ukumbini alihitaji kupata mlango gizani huku sakafu ikisimama wima. Aliyekuwa vyumba vya chini hakuwa na njia. Nahodha Roderick Whiteman hakutoka.

Meli nne zilizobaki zilitawanyika na kuongeza mwendo, na Hawkins pamoja nazo. Anayesoma hili akiwa nchi kavu hujiuliza kwa nini hazikurudi kuokota watu. Meli ya abiria iliyosimama juu ya nyambizi iliyo hai ni topido mbili nyingine na watu elfu wengine majini. Kazi ikabaki kwa distroia mbili: Paladin ikashusha mashua na kuanza kuokota, Petard ikaanza kuwinda.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa siku ile. I-27 haikukimbia. Ilizama na kujificha karibu na watu walioelea, chini yao hasa. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mwangwi kwenye asdiki na watu hai juu ya mwangwi huo.

Bomu la kina la wakati ule ni pipa lenye kilo 130 hivi za baruti, na huzama mita 3 hivi kwa sekunde. Ndani lina vali ya shinikizo la maji: unaichagulia kina, likifika hapo linalipuka. Ili kuvunja ganda la nyambizi lazima lilipuke mita chache tu kutoka kwake, ndiyo maana hutupwa mengi kwa pamoja, mengine kutoka tezi, yaani nyuma, na mengine kurushwa pembeni. Nyambizi iliyo kina kifupi hutaka bomu la kina kifupi, na hapo distroia yenyewe lazima ipite kwa kasi, vinginevyo itaupasua mkia wake.

Kwa mtu aliye majini mambo ni mengine kabisa. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kishindo husafiri ndani yake kwa nguvu na kwenda mbali, na huumiza zaidi kikikutana na nafasi yenye hewa, na katika mwili wa binadamu nafasi hizo ni mapafu na matumbo. Ndiyo maana mabaharia walifundishwa kulala chali juu ya maji, kifua na tumbo vikiwa juu kadiri inavyowezekana. Mwenye boya kifuani husimama wima majini, kiwiliwili chote kikiwa ndani, na huyo hupokea pigo lote. Madhara huenda mbali mara nyingi kuliko umbali unaoidhuru nyambizi.

Egan aliamuru mabomu yatupwe. Watu walioponea meli walikufa kwa mabomu hayo, mbele ya macho ya mabaharia waliokuwa wakiyatupa. Hesabu yake ilikuwa meli nne zenye maelfu ya watu na nyambizi ambayo bado ilikuwa na topido. Kwa maoni yetu uamuzi ule ulikuwa sahihi, na kuusema hivyo hakupunguzi hata chembe ya haki waliyokuwa nayo wale waliokuwa majini. Walistahili kuokolewa, na walikuwa karibu mno kuokolewa.

Jambo jingine hufanya uwindaji huu uchukue muda. Distroia ikikaribia sana, asdiki hupoteza mwangwi, kwa sababu nyambizi imepita chini ya ule mwanga wa sauti. Dakika ya mwisho mabomu hutupwa kwa kukadiria. Yakishalipuka, maji huchafuka na kujaa mapovu, na kifaa hakisikii chochote cha maana mpaka yatulie. Ndipo huanza upya kutafuta. Safari ya tatu ya Petard ndiyo iliyofaulu: I-27 iliibuka, imeumia, haiwezi tena kuzama.

Kuibuka hakukuwa kujisalimisha. Wajapani walijaribu kuufikia mzinga wao wa sitahani, na bunduki za distroia zikawazuia. Mizinga ya inchi 4 ya distroia ilipiga mara nyingi, lakini makombora yake yalipasukia nje bila kutoboa ganda la ndani, lile nene linalobeba shinikizo la maji. Kamanda wa Paladin, Edward Bailey, akaamua kuigonga kwa omo. Petard ikampa ishara aache. Alipogeuza alikuwa amechelewa, na bapa la chuma linaloiongoza nyambizi kuzama na kupanda lilipasua ubavu wa Paladin chini ya mstari wa maji. Distroia ni bati jembamba lililojengwa kwa kasi. Maji yakaingia, na Paladin ikatoka vitani.

Ikabaki Petard na topido zake nane. Ilizifyatua mojamoja. Mtu angedhani chombo kinachojikokota juu ya maji ni shabaha rahisi, lakini sehemu kubwa ya nyambizi iko chini, na topido iliyopangiwa kina kisichofaa hupita chini yake au hupotoka. Ya kwanza ilikosa, ya pili ikakosa, zikaendelea hivyo hadi ya sita. Ya saba iliikata I-27 saa kumi na moja kasoro dakika 7 jioni. Mapambano yalichukua zaidi ya saa 2 baada ya meli iliyozama kwa dakika 2.

Usiku wa 12 kuamkia Jumapili 13 Februari

Waliookolewa wako 214: wanaume 208 na wanawake 6. Wamelowa mafuta mazito ya meli, ambayo huunguza macho na yakimezwa huharibu kifua. Wenye kuumizwa na kishindo wengi hawana jeraha la nje. Huonekana wazima, kisha hutapika damu. Paladin iliyojeruhiwa inavutwa na Petard kuelekea Addu, kundi la visiwa la kusini kabisa mwa Maldivi, ng'ambo ya ikweta, ambako Waingereza walijenga kituo cha siri.

Waliokufa ni 1,297, wanawake 77 miongoni mwao. Jumuiya ya Madola haijapoteza wanawake wa jeshi wengi hivyo katika tukio jingine lolote. Hilo limeandikwa mara nyingi, na ni haki liandikwe. Lakini kundi kubwa kuliko yote katika hesabu hii ni wapiga mizinga wa kikosi cha 301.

Siku zilizofuata

Meli nne zilifika Ceylon. Divisheni ya 11 iliingia Bama katikati ya 1944 ikiwa na wapiga mizinga wengine, ikashuka Bonde la Kabaw katika mvua na matope, na Desemba ikavuka mto Chindwin hapo Kalewa.

Askari wa 301 hawana makaburi. Maji ya pale ni ya kina kirefu. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Anayekwenda kutafuta jina la babu aliyeondoka Kilindini na hakurudi, asipite kwenye safu za makaburi. Aende kwenye mnara, atafute askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, tarehe 12 Februari 1944.